Mkono Usio na Kivuli

Juma lililopita, nikitoka msikitini baada ya swala ya adhuhuri, nilipewa habari kwamba jirani yangu wa mtaa wa Migosi, mchoraji wa hospitali, ametutoka. Hakuwa wa dini yangu, lakini tuliishi kwa wema, na kwa hilo namshukuru Mola. Kazi yake ilikuwa kuchora magonjwa ya ngozi. Vitabu vya madaktari vilivyotoka Ulaya vilionyesha ngozi nyeupe, ambako kila upele ni mwekundu. Wanafunzi wetu walivisoma, kisha wakampita mgonjwa mweusi bila kuona kitu. Basi yeye akachora ngozi zetu, na michoro ikatundikwa kwenye korido.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini alichora mkono wa mama mmoja wa Kombewa, muuza samaki, uliokuwa na baka la ukoma: limepauka, haliwashi, haliumi. Alichora na kovu lake la mafuta ya moto, na kwa kuupenda mno ufundi wake, akachora hata kivuli cha mkono ule ukutani. Mama alitibiwa, akapona. Lakini sokoni Kibuye kovu lilimtaja kwa waliouona mchoro hospitalini. "Mama, na huyu samaki ngege pia amechorwa?" wateja walimcheka, kisha wakanunua kwa mwenzake. Nilikuwa nimeketi kwa mchoraji siku mama alipoingia bila hodi.

"Baba, mimi nimepona. Yule wa ukutani bado mgonjwa. Na umemwekea tipo yangu."

Tipo, kwa Kijaluo, ni kivuli. Pia ni kile kinachobaki mtu akifa.

"Nikiutoa, mama, wanafunzi watajifunza wapi?"

"Mkono kaa nao. Kovu futa. Tipo nirudishie."

Alifuta kovu, na Kibuye wakasahau. Kivuli alikipaka rangi nyeupe. Masika yalipoingia, kikatokeza. Akapaka tena, kikarudi. "Ni unyevu tu, mzee," aliniambia, lakini aliacha kupita korido ile peke yake. Mama naye alisikia, akawa halali. Mimi nilifundishwa madrasa kwamba mwenye kuchora kiumbe ataulizwa juu ya roho yake. Mwishowe mchoraji akamwita mama. Mama aliweka kiganja juu ya mchoro, akasema taratibu, kama watu wa ziwani wanavyomwita aliyezama: "Haya, twende nyumbani." Kivuli hakikurudi tena. Mkono ule ungalipo, unaelea bila kivuli, na wauguzi hawapendi kuutazama sana. Tangu siku hiyo jirani yangu hakuchora mtu bila kumwomba ruhusa, wala hakuchora kivuli.

Tulipokwenda hospitalini kuuchukua mwili wake, mama, sasa mzee, alitutangulia koridoni. Akasimama mbele ya mkono wake, akaita: "Baba, kazi imekwisha. Twende nyumbani." Jua la mchana lilikuwa limeingia mlangoni, vivuli vyetu vimelala sakafuni, na nikaona ni heri nisivihesabu.

Nikasema, Amin. Ugonjwa wa mtu waweza kuwa elimu ya wengi, na hiyo ni rehema. Lakini mtu mwenyewe si mali ya elimu. Ukishajifunza kwake, mrudishe kwao, mzima, pamoja na kivuli chake.