Stephania na Mawe ya Kilima Bapa

Watu wa Mabira wakikuambia kwamba mimi Kokwijuka ndiye niliyeanzisha yale maneno, usiwasikilize. Mimi nilisema nilichokiona. Chumvi waliongeza wenyewe.

Nilichokiona ni hiki: jirani yangu Stephania, mjane wa miaka hamsini na mbili, mzee wa kanisa anayekaa benchi la mbele, amechuchumaa chini ya Kilima Bapa analamba jiwe. Analamba, anatema, anachukua jingine. Sasa niambie wewe, huku kwetu ni mwanamke gani anayehangaika na udongo na mawe? Si mwenye mimba? Mimi nimezaa watoto saba, na kichuguu cha nyuma ya nyumba nilikimaliza kwa meno yangu. Nikasema, Ruhanga wange, Mungu wangu, kumbe! Nikapita kwa Joanitha kuomba kaa la moto, nikamwambia yeye peke yake. Kufika Jumapili mimba ilikuwa na miezi mitano, na baba yake ni mfuga ng'ombe wa Songambele.

Kazi ya Stephania ni kuchonga vinoo. Ukiona panga linakata vizuri kwenye migomba, kuanzia hapa mpaka Nyakasimbi, ujue limepita kwenye jiwe lake. Mumewe alipofariki alimwachia kibanja kidogo cha migomba, nyundo na tindo, basi. Kuchonga alijifunza mwenyewe, na vidole viwili havina kucha mpaka leo. Kanisani ndipo mahali pekee alipokuwa akisema neno watu wakanyamaza kumsikiliza.

Ndiyo maana baraza la wazee lilipomwita, aliogopa. Ikithibitika, anatengwa na Meza ya Bwana na lile benchi anaachia. Mchungaji Gideon, kijana wa juzi tu, akamwamkia shikamoo kwa adabu zote kisha akamuuliza swali lenyewe huku anatazama dirisha. Stephania akajibu, "Marahaba. Jumamosi asubuhi njooni kilimani, wote."

Tukaenda. Mimi sikuwa mzee wa kanisa, nilikwenda kusaidia.

Kilima Bapa kimesimama peke yake kwenye nyasi, pande zake zimekatika wima, juu kumelala sawasawa. Mchungaji akasema Mungu alikiotesha pale. Stephania akatikisa kichwa. "Hakikuota, Baba Mchungaji. Kilibaki. Zamani ardhi yote hii ilifika kule juu, mvua ikaibeba pande zote. Hiki kina jiwe gumu juu, limekifunika kama kawa kwenye chakula. Chini yake ni mchanga ulioshikamana. Chini kabisa ni laini. Mvua inakula ule ulaini, huku juu kunakosa pa kukalia, mapande yanadondoka. Hayo yaliyodondoka ndiyo ninayochonga."

"Na kulamba?" akauliza Mchungaji.

"Yakishadondoka yanachanganyika, yote mekundu, jicho halioni tofauti." Akamkabidhi jiwe. "Lamba."

"Mama, mimi?"

"Wewe."

Akalamba. Likanasa! Mchungaji akabaki na jiwe linaning'inia ulimini, mikono ameinyoosha kama anatoa baraka, wazee wanatazama chini wasicheke. Mimi nilicheka.

"Hilo ni la chini," Stephania akasema, akimsaidia kulibandua. "Udongo tupu, ukinolea linamomonyoka." Akampa la pili. Mchungaji akalamba kwa ncha, kwa woga. Halikunasa hata kidogo, ulimi uliteleza kama juu ya kigae. "La juu hilo. Panga linateleza tu." Kisha la tatu, na hilo likanasa kidogo, likaachia, likaacha chengachenga mdomoni. "Kinoo ni hicho."

Basi wazee wote wakaanza kulamba mawe, watu wazima wenye makoti, wanabishana lipi la katikati. Nani angesema wana mimba?

Mchungaji akapangusa mdomo. "Mama yetu hana kosa. Haya maneno aliyaanzisha nani?" Ajabu ya watu: wote waligeuka wakaniangalia mimi.

Miezi mitatu nikatengwa na Meza ya Bwana. Miezi mitatu! Kwa kusema nilichokiona!

Jumapili ya Ushirika ikafika. Kanisa zima likainuka kwenda mbele, nikabaki benchi la nyuma na bwana mmoja mwenye wake wawili. Kila aliyepita alinitupia jicho. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nikalia, mimi bibi wa wajukuu tisa. Nilikuwa nimekaribia kumnyang'anya mwenzangu kitu hiki hiki.

Stephania akapokea. Hakurudi kwenye benchi lake. Akaja mpaka nyuma, viatu vinalia kwenye sakafu, watu wote wanaona.

"Sogea," akasema. Nikasogea. Akaketi, akanipa leso, akaniinamia sikioni.

"Nyamaza, Kokwijuka. Ukilia hovyo hivi watasema una mimba."