Choroko Zilizorudishwa

Walimwita Bomba kwa sababu ya bomba la dawa alilolibeba mgongoni miaka nenda miaka rudi. Ukivamiwa na viwavi, unamwita Bomba. Magugu yakikushinda, unamwita Bomba. Watu walimtania kwamba mbu wakimwona tu anakuja, wanafunga mizigo na kuhama na watoto wao. Lakini mwenyewe alikuwa mwangalifu. Nguo zake za kazi zilifuliwa kwenye beseni la peke yake, na mtoto hakumgusa mpaka aoge. Alijua dawa si kitu cha mchezo. Ndiyo maana alipokuja kukosea, hakuwa hata na kisingizio cha kutojua.

Yeye na rafiki yake wa tangu utotoni, fundi baiskeli, ndio walioanzisha kikundi cha wakulima wa choroko. Fundi alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na kwa ulimi huo akampata mnunuzi wa kupeleka choroko ng'ambo. Mnunuzi alitoa bei nzuri, kwa sharti moja: choroko zikishatoa maua, dawa ya magugu isiguse shamba. Huko zinakokwenda zinapimwa, na wakikuta mabaki ya dawa kwenye punje, mzigo wote unarudi. Wote wakakubali. Choroko zao zingemwagwa kwenye ghala moja, zichanganywe na kufungwa pamoja.

Mavuno yalipokaribia, Fundi akafa. Kifua kilimbana asubuhi, na jioni alikuwa hayupo tena.

Siku ya mazishi mawingu mazito yalitanda. Shamba la Bomba lilikuwa nusu limekauka na nusu bado bichi, na mvua ikinyesha, choroko kavu zingeota ndani ya maganda. Alijua njia ya mkato: ukipiga dawa ya magugu, shamba zima linakauka kwa pamoja. Kijiji kizima kilikuwa msibani. Akamwambia mkewe anakwenda kuazima mabenchi shuleni, akachukua bomba, akaingia shambani.

Alimaliza upesi, akasugua mikono kwa sabuni, akakimbilia msibani. Akakuta jeneza linatolewa. Akajipenyeza kati ya wabebaji, akaweka bega. Njia nzima pua yake ilinusa dawa kwenye vidole vyake, juu ya harufu ya sabuni. Watu walimwona akilia, wakasema kweli huyu amempoteza ndugu.

Mvua yenyewe haikunyesha. Mawingu yalizungukazunguka, yakaenda zake.

Choroko zikavunwa, zikapakiwa, zikaondoka. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kuulizana habari za msimu mwingine, ndipo dada mmoja kutoka kwa mnunuzi akaja, akaomba wanakikundi wakutane ghalani. Hakukaa hata pale alipopewa kiti.

"Mzigo umerudishwa," alisema. "Umekutwa na dawa ya magugu, nyingi kupita kiasi. Na sasa wameanza kutilia shaka hata mizigo ya vikundi vingine. Nani alipiga?"

Minong'ono ikaanza, mara shamba la fulani, mara la fulani, mpaka mtu akakumbuka kwamba shamba la marehemu Fundi lilikauka mapema kuliko yote. Bomba alijua sababu: pale udongo ni mchanga mtupu, haushiki maji. Alikuwa na maneno hayo mdomoni. Lakini akiyasema, macho yangegeuka kutafuta shamba jingine. Akayameza.

Mjane wa Fundi akasimama. Alikuwa amekonda, kilemba kinamlegea.

"Jamani, mimi sijui," alisema. "Marehemu hakuniambia kitu. Lakini kama alipiga, basi nawaomba mumsamehe. Alikuwa na haraka siku zile, alisema anataka watoto wapate sare mpya. Msameheni, wenzangu. Hawezi kujitetea."

Bomba alitazama miguu yake. Mwenyekiti wa kikundi akamwambia, "Wewe rafiki yake, sema neno." Akasema, "Marehemu alikuwa mtu mwema," akaketi.

Tangu siku hiyo chakula hakikumpanda Bomba. Pale kisimani watu waliacha kumtaja Fundi kwa jina, walisema "yule aliyetuharibia." Mke wa Bomba alivumilia, kisha akamuuliza waziwazi.

"Baba watoto, yale mabenchi siku ya msiba, mbona hayakuja?"

Bomba akageuza uso. Mkewe akakaa chini, kiganja mdomoni.

"Mungu wangu. Na ukambeba."

Kesho yake Bomba akapiga moyo konde, akaenda kwa mjane. Alimkuta akipepeta choroko za mbegu uani.

"Karibu, shemeji," mjane alisema, akimsogezea kigoda.

Hakukikalia. "Shemeji, Fundi hakupiga dawa. Nilipiga mimi, kwangu. Siku tulipomzika."

Ungo ukatulia mikononi mwake. Bomba alingoja matusi, alingoja hata kofi, na angelishukuru. Mjane aliuweka ungo chini.

"Uliniacha nisimame mbele za watu nimwombee msamaha mume wangu."

"Ndiyo."

"Kwa kosa lako."

"Ndiyo, shemeji. Nisamehe."

"Usiniombe mimi msamaha hapa uani, ambapo hakuna anayesikia. Palepale nilipomwombea, nenda ukaseme. Na watoto wangu nitakuja nao."

Akaenda, akasema. Alisimama ghalani mbele ya kikundi kizima, watoto wa Fundi wamekaa mbele wamevaa sare zao za zamani, akaeleza yote: mawingu, bomba, sabuni, jeneza. Mzee mmoja alitema mate akatoka nje. Wakamfukuza kikundini siku hiyohiyo, na hakuna aliyepinga, hata yeye mwenyewe.

Mnunuzi alikaa msimu mzima bila kununua kwao hata gunia. Wengine waliuza kwa walanguzi kwa bei ya kutupa. Wengine waliacha choroko kabisa. Baadaye mnunuzi alirudi, ila sasa kila mkulima alipimiwa magunia yake peke yake kabla hayajachanganywa. Ya mjane yalipimwa ya kwanza, yakatoka safi.

Siku ya kupakia, wapakiaji walikuwa wachache na lori lilikuwa na haraka. Bomba alikuwa akipita na jembe lake. Akaliegemeza ukutani, akainama kushika pembe ya gunia.

"Acha," mwenyekiti alimwambia, bila ukali. "Tutamaliza wenyewe."

Akachukua jembe, akaenda shambani.