Kichwa cha Mdogo Wangu Kwenye Kioo

Sijui kama nitaliandika hili sawasawa, maana niliishia darasa la saba na mambo ya ubongo siyajui. Naandika nilichokiona.

Mdogo wangu ana kifafa tangu utotoni. Sasa ni mtu mzima, anasuka mikeka hapa kwetu Buzebazeba, lakini hatumwachi jikoni peke yake wala hatumruhusu kwenda ziwani kufua. Mgeni akimuuliza kitu, tunajibu sisi. Sikumbuki aliyeamua iwe hivyo.

Tuliposikia hospitali imeletewa mashine ya kupima ubongo, mama alisema mwanawe hatasimama mbele ya madaktari na kichwa kikavu. Akampaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za chikichi, mpaka nywele zikang'aa. Ilikuwa heshima. Kumbe vile vidude vya kubandika kichwani havishiki penye mafuta. Daktari, binti aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, alibandika kimoja kikateleza, akabandika kingine, nacho kikateleza.

"Hiki kichwa mlitaka kukikaanga?" aliuliza.

"Muulize mama," mdogo wangu akasema. "Angeachiwa, angenipaka mpaka kope."

Nikampeleka bombani, nyuma ya jengo, nikamsugua kwa sabuni.

"Taratibu, dada. Hicho ni kichwa, si sufuria."

Tuliporudi, vile vidude vilishika. Kwenye kioo cha mashine ikatokea mistari mingi, inatetemeka ovyo. Daktari akamwambia afumbe macho. Mistari ikajipanga, ikawa mawimbi madogo yanayofuatana, kama ziwa kabla upepo haujaanza. Akafumbua, yakavunjika. Akafumba, yakarudi. Nilijikuta nimekunja mikono kama niko kwenye ibada. Nimelala naye kitanda kimoja utoto wote, nimemshika akianguka, na sikuwahi kufikiri kwamba humo ndani kuna kitu kinachokwenda hivyo muda wote, hata anaponyamaza na sisi tunamsemea.

Kipimo kilipokwisha, daktari alisema dawa atapata. Kisha akasema lipo jambo jingine. Walitaka kubaki na nakala ya ile michoro, wafundishie kompyuta kutambua kifafa, isaidie kule kusiko na daktari wa ubongo. Jina halitawekwa. Akikataa, dawa ni ile ile.

"Hana shida, chukueni tu," nikasema.

Daktari hakuniangalia. "Namuuliza yeye, dada."

Mdogo wangu akaitazama ile mistari kwenye kioo, nikaona aibu sijui ya nani. Halafu akauliza, "Hiyo mistari inasema ninachowaza?"

"Hapana. Inaonyesha umeme wa ubongo. Mawazo haiyasomi."

"Na kesho?"

Daktari angeweza kusema hapana, tukaondoka na amani yetu. Badala yake akasema, "Ya kesho siwezi kukuapia. Watu wanatengeneza vitu vipya kila siku."

"Basi chukueni ya macho wazi. Nilipofumba nilikuwa nawaza jambo langu, na hilo sigawi."

Nilidhani daktari atacheka. Hakucheka. Alisema anaweza kukikata kipande hicho, ila hicho ndicho kingewafaa zaidi.

"Pole, daktari," mdogo wangu akasema, na nadhani alimaanisha.

Daktari akamsogezea kiti mbele ya kioo ili ashuhudie. Yale mawimbi mazuri yakaondolewa kwenye nakala.

Nimelipima jambo hili mara nyingi. Huenda kuna mgonjwa kijijini Kagunga au Ilagala ambaye kipande kile kingemfaa, na hatutamjua. Huenda pia hofu ya mdogo wangu haina msingi. Mimi siwezi kuhukumu. Nimejaribu kumlaumu mmoja wao na sijaweza. Ninachojua ni kwamba mashine ilimwingia kichwani, na bado aliulizwa, akakubali kidogo, akakataa kidogo, na akasikilizwa.

Njiani nilitamani sana kujua aliwaza nini alipofumba macho. Sikumuuliza.

Mlangoni tulimkuta jirani yetu, akaniuliza mimi, kama kawaida, "Haya, mgonjwa wenu wamemwonaje huko?"

"Si huyu hapa," nikamwambia. "Muulize."

Jirani alimgeukia, hana hakika aanzeje. Nikaingia ndani, nikawasha moto, nikabandika ugali. Nilipochungulia nje, mdogo wangu alikuwa amefumba macho, bado anamweleza.