Bibi Harusi Asiyesema

Kuna alasiri moja ya kwetu Nunguni, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka nasikia baridi mgongoni. Ilikuwa miaka ya sitini, nami ni msichana wa shule. Tuliigiza mchezo wa kuchekesha wa zamani kutoka ng'ambo, ambao mwalimu wetu alikuwa ameugeuza kuwa Kiswahili. Baba mwenye tamaa anataka kumwoza bintiye kwa mzee tajiri. Binti anajifanya bubu ili mchumba amkatae. Waganga wanaitwa, wanabishana juu ya ulimi wake, watu wanavunjika mbavu. Mwishoni binti anasema, na anaolewa na ampendaye.

Bubu wetu alikuwa rafiki yangu Mueni. Ukumbi wa kanisa ulijaa, na ukungu ukawa unaingia madirishani hata waliokaa nyuma hatukuwaona, tulisikia vicheko vyao tu. Ilipofika zamu ya Mueni kusema, midomo yake ilicheza bila sauti. Watu wakacheka zaidi. Mimi niliyeigiza mtumishi wake nilimnong'oneza maneno, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Tukafunga pazia, naye bado amesimama palepale, midomo inacheza.

Nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alipanda jukwaani akamfunika leso.

"Mnacheka nini?" akatuuliza polepole. "Mtoto huyu amekuwa akiwaambia kitu, na hakuna aliyesikia."

Ndipo tukajua kwamba mbuzi wa mahari walikuwa wameshafika kwao, kutoka kwa mfanyabiashara wa rika la baba yake. Lisemwalo lipo, mwanangu. Mvua zilikuja zikaisha, Mueni hasemi. Mama yake alisimulia kwamba akiwa shambani alisikia sauti ya binti yake katikati ya mahindi. Akikaribia, anamkuta amefumba mdomo, na ile sauti inaendelea kidogo kabla ya kunyamaza. Mimi sikuisikia, nakupa nilivyopewa.

Susu hakuchoka kwenda kwa baba yake Mueni, mpaka mbuzi wakarudishwa. Walipotolewa zizini, Mueni aliomba maji. Lakini sauti ilikuwa nzito, ngeni, kana kwamba imeazimwa kutoka kwa mtu mwingine, na ilibaki hivyo hata alipozeeka.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu huko Zombe. Darasa langu lilikuwa limesoma mchezo uleule, basi niliposikia kuna filamu ya vijana iliyotokana nao, niliwapeleka kwenye ukumbi wa video wakalinganishe. Hadithi ni ile, nguo ni mpya. Baba hayumo. Msichana ananyamaza ili kumkwepa mvulana anayesifiwa na shule nzima, na mahali pa waganga kuna marafiki wenye majivuno. Wanafunzi waliipenda kwa muziki wake. Mimi niliona tofauti moja: mchezo wa kale ulituchekesha kwa upumbavu wa baba, lakini filamu iliwafanya wamcheke msichana mwenyewe.

Katikati ya filamu spika zilizimika. Msichana wa kwenye skrini akawa anachezesha midomo bila sauti, na ukumbi ukaangua kicheko. Nilishindwa kumtazama, nikageuza macho kwa watoto wangu. Wote walikuwa wanacheka, isipokuwa msichana mmoja, Ndanu. Yeye midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na ile ya kwenye skrini, neno kwa neno, bila pumzi.

Nilimtoa nje, nikakaa naye juani bila kumhimiza. Baadaye sana akasema, "Mwalimu, mjomba amenipatia mume. Nilifikiri nikinyamaza wataniacha."

Sikungoja. Nilienda naye kwao siku hiyohiyo. Mjomba alikasirika, akaniita mchochezi, lakini mama yake Ndanu alipata mtu wa kusimama naye, akaikataa ndoa hiyo. Ndanu alimaliza shule, na sauti yake ni ileile aliyozaliwa nayo.

Kwa hiyo, mwanangu, mchezo uwe wa jukwaani au wa skrini, cheka, kucheka si dhambi. Ila kimya kingi kina mshindo mkuu. Watu wanapocheka pamoja, mtafute asiyecheka, ukae karibu naye, na akikuambia lililomo moyoni usimwache aende peke yake nyumbani. Mungu akupe masikio mepesi na miguu isiyosita, na siku yako wewe ya kukosa maneno, akuletee mtu.