Ugomvi Tuliouchezea Stendi ya Nakuru

Mwalimu aliponiomba kisa cha kweli, nilipaswa kumwambia sina. Alikuwa ameketi juu ya debe la rangi katika duka nilimokuwa karani, tajiri wangu Mhindi ameenda kula, na hakuna aliyenilazimisha. Nikampa kisa cha kaka yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwalimu huyo wa sekondari alikuwa ameanzisha mchezo usio na jukwaa wala tiketi. Kila Jumamosi mchana, mimi na fundi cherehani mmoja, mwanamke mwenye sauti ya kufika mbali, tulisimama kwenye stendi ya mabasi tukagombana kama mume na mke. Nakuru watu wawili hawaachwi wagombane peke yao. Mtu huweka mzigo chini, huuliza kuna nini, na kabla hujamjibu ameshakuwa hakimu. Mwalimu alitegemea hilo. Watu wakishaingilia, sisi tulijibu maswali yao tu, nao, bila kujuana, wakaongea mambo ambayo nyumbani kwao hawakuyagusa. Mwishoni aliwaambia ulikuwa mchezo. Wengi walicheka, wengine waliendelea kubishana hadi mabasi yao yakaondoka.

Lakini visa vya kubuni vilianza kuwachosha. Wiki mbili mfululizo walitupita bila kugeuka.

Kaka yangu alilima Ndabibi, upande wa Naivasha, kwenye kipande cha shamba lililokuwa la mzungu. Ndiye aliyenisomesha mpaka kidato cha nne. Alikuwa na miaka saba katika ndoa bila mtoto, na mama yetu alimwita mkewe, shemeji yangu, tasa mbele ya wageni. Shemeji alikunywa kila dawa chungu aliyoletewa. Kisha kaka akaenda kupimwa Nairobi kwa siri, akaambiwa kasoro ni yake. Karatasi ya daktari alinionyesha mimi peke yangu.

"Nitamwambia mwenyewe," alisema. "Nipe muda."

Jumamosi ile watu walijaa hadi wakaziba mlango wa basi. Fundi cherehani alilia kwamba nataka kuoa mke wa pili.

"Si uoe, bwana!" utingo mmoja akapaza sauti. "Shamba bila watoto ni la nini?"

"Nyamaza wewe, hata kuku huna," akamkata mama aliyekuwa akiuza kabichi. Akanigeukia. "Na wewe baba, umepimwa?"

"Mwanaume apimwe nini?"

"Ng'ombe wangu wakikosa kushika mimba, daktari wa mifugo anaanza na fahali. Kwani wewe ni nani?"

Stendi nzima ilicheka. Macho yote yalikuwa kwangu, na sikuwahi kupenda kitu kama nilivyopenda saa ile. Nikainamisha kichwa.

"Nilipimwa," nikasema. "Ni mimi."

Wakasogea karibu zaidi. Hata hapo ningeweza kukoma. Mzee mmoja mwenye koti la jeshi akauliza, "Na hiyo karatasi ya daktari iko wapi, kijana?"

"Ndani ya gambuti zangu za zamani, zile za mpira za shambani, chini ya kitanda."

Nilipoinua macho nilimwona shemeji. Alikuwa ameleta viazi sokoni, nami sikujua. Hakulia. Alinitazama kwa muda, akafunga leso yake vizuri, akaenda kutafuta gari la Naivasha. Sikumfuata. Mwalimu alikuwa akinipigapiga mgongoni akisema hatujawahi kufanya vizuri hivyo, na mimi nilibaki pale nikisikiliza sifa.

Jumatatu kaka alikuja dukani. Alingoja mteja atoke.

"Aliikuta karatasi, ameenda kwao," alisema.

"Kaka, ulikuwa mchezo tu. Sikutaja jina."

"Gambuti ni za nani?"

Nikaanza kupanga makopo ya rangi kwenye kaunta.

"Nilikuwa naogopa," akasema, "lakini ningemwambia. Sasa ameambiwa stendi, watu wakicheka."

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilimtetea shemeji, kwamba alistahili kujua. Alistahili, ndiyo. Lakini siku ile sikumfikiria hata kidogo. Niliwafikiria watu waliosimama.

Shemeji hakurudi. Kaka alimwachia jirani shamba, akaenda kuwa mlinzi katika nyumba ya wageni huko Salgaa. Nilimfuata mara tatu. Kila mara aliniona kwa mbali, akaingia ndani, akamtuma mtu aniambie hayupo. Alikufa kwa homa ya mapafu baada ya miaka sita. Alikuwa ameagiza nisiitwe, na wakatii. Mimi nilipata habari wiki mbili baada ya maziko.

Nilivunja ndoa ya watu wawili walionipenda, na nikampoteza ndugu niliyekuwa naye mmoja tu. Nilichopata ni alasiri moja ya kutazamwa na watu nisiowajua.