Alama ya Gurudumu Kwenye Migomba

Baiskeli ile sikuinunua. Bwana wa karakana ya maseremala, Mdachi mmoja pale karibu na boma la Arusha, alikuwa ameichoka. Akaniambia niende nayo nyumbani jioni na nirudi nayo asubuhi, maana nilikuwa nachelewa kazini. Kutoka kwetu, juu ya Kikwe, ni mwendo wa kuamka jogoo hajawika. Nilikuwa nimechelewa mara mbili na kuchapwa mara mbili. Basi siku ile nilicheka peke yangu njia nzima, huku naikokota, kwa kuwa sikujua kuipanda.

Mama hakucheka.

"Amekupa bure?"

"Ameniazima, mama. Nisichelewe."

"Kwani fimbo zimemwishia?"

Nilijifunza jioni tatu malishoni, ng'ombe wakinitazama. Siku ya nne nikaenda nayo kazini. Jamani! Migomba ilikuwa inakimbia kurudi nyuma, nami naimba. Nikajiona tayari nimempakia mama, nampeleka kanisani, watu wote wametoka nje kutuangalia.

Watu kweli walitoka nje. Njia yetu inapita katikati ya shamba la mzee mmoja jirani, rafiki wa marehemu baba yangu, ambaye mimi humwita baba mkubwa. Jioni ya siku ya pili nilimkuta amechuchumaa njiani, penye udongo laini karibu na mfereji. Kidole chake kilikuwa ndani ya alama ya gurudumu langu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Hakuitikia. "Mtu akipita anaweka mguu, anainua, anaweka. Ng'ombe vilevile. Hiki hakijainua mguu hata mara moja. Kimeburutwa."

Hapo nikaelewa. Msimu ule ule wapima ardhi walikuwa wamepita ng'ambo ya mto, wakiburuta mnyororo katika maharage ya watu na kuchomeka vibendera. Haukupita muda, wenyeji wa kule wakaambiwa wahamishe mifugo yao. Mnyororo ule uliacha mstari kama huu wangu.

Akainuka, akaizunguka baiskeli, akaugusa mnyororo wake wenye mafuta. "Na huu ni wa nini?"

Nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, niliona ni jambo la kuchekesha tu. Lakini mzee alimgeukia mkewe, aliyekuwa anakata majani kando ya mfereji: "Anacheka. Muulize anacheka nini."

Kesho yake salamu zangu zote zilianguka chini. Akina mama waliobeba majani ya ng'ombe walisogea pembeni kunipisha, na mmoja akasema nyuma yangu, "Mwana wa mpimaji! Leo umefikisha migomba mingapi?" Wenzake wakacheka, ila si kicheko cha kunifurahia.

Asubuhi iliyofuata nikakuta gogo limelazwa njiani. Nilijaribu kulikwepa, gurudumu likateleza ukingoni mwa mfereji, nikaangukia sale la pembeni mwa shamba la baba mkubwa. Kwetu sale ndilo mpaka. Ni mmea wa majani marefu tu, lakini ukishapandwa hakuna mtu anayeugusa. Lile lilikuwa zee kuliko mimi, na nilipoliona limelala na mizizi juu nilisikia huruma, kama nimemwangusha mtu mzima. Nikaiacha baiskeli, nikachimba kwa mikono, nikalirudisha, nikashindilia udongo kwa mguu.

Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba sale hupandwa majirani wa pande zote mbili wakiwa wamesimama hapo. Hata mimi najua. Lakini nilijiambia kwamba silipandi, nalirudisha tu. Halafu nilikuwa nachelewa.

"Usiondoe huo mguu." Baba mkubwa alikuwa nyuma yangu na panga. "Uache hapo hapo, watu waone."

Watu wakaja, wakaona.

"Umelisogeza hatua ngapi?"

"Sijalisogeza, baba mkubwa. Nimeliangusha."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Baiskeli ya nani?"

Nikautazama mguu wangu, maana jibu la kweli lilikuwa baya kuliko uongo wowote.

Akampa mkewe panga, akachukua fimbo. "Twende kwake huyo mwenye baiskeli. Nataka nione anavyokupokea."

Tulikwenda hivyo hadi mjini, mimi naikokota, yeye nyuma. Alisema neno mara moja tu, tulipokuwa tunavuka mto: "Sale lile tulilipanda mimi na baba yako. Ulikuwa unajua?" Sikuwa najua.

Jua lilikuwa limepanda sana tulipofika karakana. Nikautayarisha mgongo. Lakini bwana hakuishika fimbo. Aliyatazama matope kwenye magurudumu, akatabasamu, na tabasamu lile likaniogopesha.

"Wewe napita njia gani? Migomba ile chini ya mfereji, ya nani? Mwisho yake wapi? Maji mingi?"

Baba mkubwa alijua Kiswahili kidogo, cha sokoni, lakini migomba alijua ni nini, na mfereji pia. Alisimama kando ya mbao, akinitazama mimi, si bwana. Swali la mama likanirudia kichwani: amekupa bure?

"Sijui, bwana," nikasema. "Nikiwa juu ya baiskeli macho yangu yote yako kwenye gurudumu, naogopa kuanguka. Na leo nimeanguka." Nikamwonyesha kiwiko kilichochubuka.

"Siku zote napita, hapana jua?"

"Sijui, bwana."

Ndipo akakumbuka kwamba nimechelewa. Baba mkubwa alisimama palepale mpaka fimbo ya mwisho.

Jioni alikuwa ananingoja nje ya karakana. Hakunishukuru wala kunipa pole. Kesho yake alfajiri aliwaita majirani, wakalipima sale kwa macho na kwa hatua. Ikaonekana nilikuwa nimelirudisha kiganja kimoja ndani ya shamba lake. Baba mkubwa akaling'oa, akaliweka mahali pake, akasema, "Tia udongo wewe. Kwa mikono, wakikuona."

Nikatia.

Siku hizi napanda baiskeli kwa barabara ya magari ya ng'ombe. Ni mzunguko, lakini nafika mapema. Bwana ameshaniuliza tena mara mbili nimeona nini njiani. Namweleza mashimo ya barabara, moja baada ya jingine, mpaka anachoka.

Na kila asubuhi, pale njia ya migomba inapoachana na barabara, namkuta baba mkubwa ameinama anaangalia udongo. Napunguza mwendo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Anaitazama ardhi kwanza, upande wa shamba lake, mpaka aridhike.

"Marahaba."