Insha ya Mshona Mapazia

Mtaani walimwita Mama Mapazia, ingawa mtoto hakujaliwa. Jumapili jioni alifunika cherehani, akatazama marudio ya tamthilia ileile ya zamani, ya mabaharia wa anga waliopotea njia, kila wiki wakiangukia nyota ngeni. Enzi hizo waliitazama wawili, yeye na wifi yake, wakigombea bakuli moja la karanga. Kaka yake aliwacheka, eti watu wazima wanalilia vyombo vya anga vya maboksi.

Kisha kaka na mkewe wakaachana. Hakuna aliyemkataza Mama Mapazia kumtafuta wifi, ila damu nzito kuliko maji, naye akanyamaza kwa kumwonea haya kaka. Kunyamaza kukazaa kunyamaza. Kaka akaoa tena, wifi akahamia mji mwingine, na Jumapili zikabaki za mtu mmoja.

Ndipo redio ikatangaza kwamba mchapishaji mmoja anakusanya insha za wapenzi wa tamthilia hiyo, zitoke kama kitabu. Wengine waliandika juu ya roboti na mwendo wa mwanga. Yeye aliandika juu ya wifi: alivyokuwa akimjibu nahodha wa mabaharia wale kama vile anamsikia, alivyolia siku nahodha alipokufa. Insha ikakubaliwa. Siku ya uzinduzi kila mtu alikuja na mwenzake. Yeye alisoma yake kwa sauti ndogo, akapigiwa makofi, akarudi peke yake na nakala mbili. Moja akamtumia wifi.

Simu ililia mchana mmoja, akiwa amebana pini mdomoni.

"Wifi, nimeisoma," sauti ile ikasema. "Umeandika kwamba nililia nahodha alipokufa."

"Kwani hukulia?"

"Nililia. Ila si kwa ajili yake. Nilikuwa nimeshaamua kuondoka, sijui nikuambieje."

Mama Mapazia akatoa pini moja moja, akazipanga mezani.

"Ungeniambia tu."

"Wewe ni dada yake."

Wakaongea kidogo kuhusu magoti na mvua, wakaagana vizuri. Wifi akasema atapiga tena, kwa sauti ya mtu ambaye angependa iwe hivyo. Mama Mapazia akarudi kwenye pazia la mteja, akashona upindo wote kabla hajagundua kwamba ameushona upande wa nje, akaanza kuufumua.